Urefu wa boti si kipimo cha maendeleo ya mvuvi

Wapo watumishi wa umma ambao wakiwekewa mezani picha za vyombo viwili vya uvuvi, kimoja cha mita 12 na kingine cha mita 7, huchagua kabla hawajauliza neno. Cha mita 12 kwao ndiyo maendeleo. Cha mita 7 ni umaskini uliopakwa rangi mpya. Hawaulizi chombo kitalala wapi, maji yana kina gani pale yanapokupwa, barafu itatoka wapi, wala ni nani atakayekiziba siku kitakapotoboka. Kasumba hii ya kupima maendeleo kwa futi kamba si ngeni, nayo imekwisha kuwagharimu wavuvi wa nchi zaidi ya moja. Hatari yake leo ni kubwa kuliko zamani kwa sababu moja: leo boti zinatolewa kweli.

Mwezi wa Januari 2024, jijini Mwanza, Serikali ilizindua utoaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo ya masharti nafuu inayopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Zanzibar nayo imegawa boti za faiba kwa vikundi vya wavuvi na vya wakulima wa mwani. Mwezi wa Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Mtu mwenye nia njema hawezi kuyabeza mambo hayo, maana kwa miaka mingi mvuvi mdogo alikuwa mtu wa kukumbukwa siku ya ushuru na kusahauliwa siku ya mkopo. Lakini mkopo ni deni, hata riba ikiwa ndogo au isiwepo kabisa. Deni la chombo kisichofaa hulipwa na mvuvi, mkewe na watoto wake. Ofisa aliyekipendekeza huhamishwa kituo.

Inafaa basi vyombo hivyo viwili vitazamwe kama fundi anavyovitazama, yaani kuanzia chini. Boti ya mita 12 inayopendwa na wengi ni ya faiba, tumbo lake limechongoka mfano wa herufi V, ina mashine ya dizeli ndani na chumba cha barafu katikati. Mashua ya mita 7 ni pana kwa urefu wake, tumbo lake limelala, mkuku wake ni mfupi. Hubeba tanga pamoja na mashine ndogo ya kupachika nyuma, na inaweza kuwa ya mbao au ya faiba vilevile. Jambo hilo la mwisho lisipite hivi hivi, maana wapo watakaodhani kwamba anayeitetea mashua anataka kumrudisha mvuvi kwenye mbao na misumari. Faiba hainywi maji, haitobolewi na wadudu wa baharini, wala haihitaji kuchomwa moto chini na kupakwa sifa mara kwa mara. Ugomvi hauihusu faiba. Unahusu umbo na ukubwa.

Tumbo la V lilibuniwa kwa ajili ya mbio. Mashine yenye nguvu inapoisukuma boti ya namna hiyo, boti huinuka juu ya maji na kuyapasua mawimbi bila kupigwapigwa sana. Ndiyo maana hupendwa na askari wa doria na wenye hoteli. Lakini mvuvi hafanyi kazi yake akiwa anakimbia. Akishatega jarife hukaa nalo usiku kucha, chombo kikichukuliwa na mkondo; akivua kwa mshipi hutia nanga penye mwamba na kusubiri. Kazi halisi ya uvuvi hufanyika chombo kikiwa kimesimama au kikijikokota, na hapo ndipo tumbo lililochongoka linapoonyesha ila yake: huyumba. Hulalia upande huu na upande ule, na watu wanne wanaovuta nyavu hujikuta wanapigana na chombo chao wenyewe. Wazee wa mwambao walilijua tatizo hilo karne nyingi kabla ya faiba. Gogo la ngalawa ni jembamba mno kuweza kutulia peke yake likiwa limebeba tanga, ndipo wakalifungia matengo mawili, moja kila upande, likatulia. Tumbo pana la mashua ni jibu jingine la swali hilo hilo.

Kisha kuna hesabu, ambayo mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaweza kuiandika ubaoni. Chombo kikiongezwa urefu mara mbili, na upana na kina navyo vikaongezwa kwa kadiri ile ile, ujazo wake huongezeka mara nane. Uzito hufuata njia hiyo. Je, mwendo nao huongezeka mara nane? La, hasha. Chombo kinachosukuma maji bila kuinuka juu yake kina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake kwenye usawa wa maji. Chenye mita 6 kwenye usawa huo hufikia karibu kilomita 11 kwa saa. Chenye mita 12 hufikia kilomita 15 na ushei. Moto ukiongezwa baada ya hapo, mafuta huishia kutengeneza mawimbi. Kwa hiyo aliyeongeza urefu mara mbili amepata kilomita 4 au 5 za ziada kwa saa, na pamoja nazo amejitwisha mzigo wa mara nyingi wa kusukuma, kuvuta, kutengeneza na kulipia. Na kama anataka boti yake iinuke juu ya maji kama ile ya doria, ikiwa na nyavu, barafu, watu kumi na samaki ndani yake, basi atafute mashine ambayo mafuta yake huenda yakapita thamani ya samaki wenyewe.

Hesabu ya pili imeandikwa pwani penyewe. Mwambao wa Tanzania Bara una urefu wa kilomita 1,424, na sehemu kubwa yake haina gati. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Pahali palipokuwa bahari asubuhi huwa uwanja wa mchanga, majani na mawe ifikapo adhuhuri, na kina mama hutembea humo kwa miguu wakitafuta pweza. Mashua yenye tumbo lililolala huketi juu ya mchanga ikasubiri maji yarudi. Ikihitaji kutengenezwa, vijana wa kijiji huipandisha juu kwa magogo ya kuviringishia. Boti ya V yenye uzito wa tani kadhaa ikiachwa na maji hulala ubavu, uzito wake wote ukiegemea sehemu moja ya faiba, na sehemu hiyo pengine imekalia jiwe. Mwenye boti akiogopa hilo itambidi atie nanga mbali, aajiri mlinzi wa kulala humo, anunue mtumbwi wa kushushia samaki, na siku kusi linapovuma amwombe Mungu nanga ishike. Tanga, Kilwa Masoko, Mtwara na Mikindani kuna maji yenye kina na kinga ya upepo. Huko chombo kikubwa kina pa kulala. Vijiji vilivyo vingi havina, wala havitapata kwa kupewa boti.

Chumba cha barafu nacho kinahitaji barafu. Faida kubwa ya chombo cha mita 12 ni kwamba kinaweza kukaa baharini siku kadhaa, kikavua mbali na kurudi na samaki wazima. Katika nchi za joto wataalamu huhesabu walau kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya samaki. Kijiji ambacho barafu yake hutoka mjini kwa pikipiki, imefunikwa kwa pumba za mbao na nusu yake imeyeyuka njiani, hakiwezi kujaza chumba hicho. Boti itatoka jioni na kurudi alfajiri kama mashua, huku ikila mafuta ya boti. Ni sawa na mtu aliyenunua lori kwa ajili ya kwendea sokoni.

Hapa lazima ijibiwe hoja moja yenye uzito, kwa sababu wanaoitoa si wajinga. Wanasema kwamba samaki wa ndani ya miamba wamekwisha: wamemalizwa na baruti, na juya lililokokotwa hata likabeba mayai na vifaranga, na wingi wa wavuvi wenyewe. Mvuvi asiposaidiwa kutoka nje ya miamba, wanasema, atabaki akikwangua chungu kilichokwisha kukwanguliwa. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini haimfikishi mtu kwenye mita 12. Isipokuwa katika mikondo ya Unguja na Mafia, ambako maji mafupi huenea mbali, chini ya bahari ya mwambao huu huporomoka karibu sana na nchi kavu. Kutoka vijiji vingi, maji ya nguru na jodari si mwendo wa siku. Mashua pana ya mita 7, yenye tanga zuri na mashine ndogo, inaweza kufika huko siku za kaskazi na za maleleji, ikavua na kurudi. Siku za kusi kali haitatoka, na ni vizuri isitoke.

Aidha isije ikachanganywa boti ya mita 12 na meli. Eneo la bahari la kiuchumi la Tanzania, linalofika maili 200 kutoka pwani, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 223,000, na kuvua huko ni kazi ya meli zenye mabaharia waliosomea, rada, majokofu na shirika la kuziendesha. Kwa ajili hiyo lilianzishwa Shirika la Uvuvi, TAFICO, mwaka 1974, ambalo shughuli zake zilikuja kusimama katika miaka ya 1990 kabla ya kufufuliwa. Boti ya mita 12 mikononi mwa kikundi cha kijiji imekaa katikati: ni kubwa mno kwa pwani isiyo na gati, na ni ndogo mno kwa bahari kuu. Anayeitetea kwa kutaja utajiri wa bahari kuu anatetea kitu kimoja kwa sifa za kitu kingine.

Kwa upande wa pili wapo watu, wengi wao wageni na baadhi yao wasomi wa mjini, ambao wangependa mvuvi abaki na ngalawa yake milele. Hao huipiga picha jua linapokuchwa na kuiita urithi. Urithi ni kweli, na akili iliyomo ndani yake imekwisha kusifiwa. Lakini ngalawa huchongwa kwa gogo zima, mara nyingi la mwembe, na mwembe wa kimo hicho hukua kwa miaka mingi na kuanguka kwa asubuhi moja. Hubeba watu wawili au watatu na samaki kidogo. Inamfunga mvuvi ndani ya miamba, pale pale palipochoka, pale pale samaki wanapozaliana. Kumwambia mtu abaki hapo kwa sababu tanga lake linapendeza ni kumdharau kwa maneno matamu.

Katika jambo la ukubwa wa chombo, hata hivyo, liko jingine linalopita mafuta na kina cha maji, na huzungumzwa kidogo mno maofisini. Ni mgawo. Kila mtu wa pwani anaujua utaratibu: samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa mafungu. Chombo kina fungu lake, mashine ina fungu lake, nyavu zina fungu lake, halafu ndipo watu. Chombo kikiwa kidogo, mvuvi mwenye juhudi anaweza kuwa na fungu la mtu na fungu la nyavu, na baada ya miaka michache akawa na chombo. Chombo kikiwa kikubwa na cha bei kubwa, mafungu ya vitu hupanda, gharama za mwanzo hupanda, na fungu la mtu husinyaa. Siku deni linapoelemea kikundi, hajitokezi mvuvi mwenzao wa kukinunua. Hujitokeza mwenye duka, mwenye lori au mnunuzi wa samaki kutoka mjini. Wanachama wale wale walioshangiliwa siku ya kukabidhiwa boti huajiriwa ndani ya boti yao kama vibarua. Chama cha ushirika hubaki jina lililoandikwa ubavuni.

Asiyeamini atazame Kerala, kusini-magharibi mwa India. Mwaka 1953 ulianza huko, karibu na mji wa Quilon, mradi wa uvuvi uliosaidiwa na Norway, nchi ile ile ambayo baadaye ilikisaidia Chuo cha Uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo. Nia ilikuwa njema: kumpa mvuvi wa kijijini chombo cha mashine badala ya mtumbwi. Vyombo vipya havikuweza kupandishwa ufukweni kama mitumbwi, vikahitaji bandari. Kwa hiyo vikakusanyika mahali penye bandari, na vijiji vya ufukweni vikaachwa nyuma. Kamba walipopata soko la nje, bei ikapanda, na watu wenye mitaji ambao hawakuwa wavuvi wakaingia kununua boti na nyavu za kukokota. Kufikia miaka ya 1970 na 1980 wavuvi wadogo walikuwa wakiandamana kupinga boti zilizoletwa kwa jina lao. Ilichukua hadi mwaka 1988 kwa serikali ya jimbo hilo kuanza kufunga uvuvi wa kukokota katika miezi ya masika. Wavuvi hawakufanya kosa lolote katika habari hiyo. Walichaguliwa chombo na watu wasiokipandisha ufukweni.

Kinyume chake kinaonekana Kigoma. Katika Ziwa Tanganyika wavuvi wa dagaa huunganisha mitumbwi miwili kwa miti ili wapate jukwaa pana lisiloyumba, wakawasha taa usiku, wakateremsha wavu chini na kuuinua umejaa. Kwa urefu mitumbwi hiyo haimtishi mtu yeyote. Lakini kazi inataka upana na utulivu, na mvuvi alivipata kwa kutumia matumbo mawili madogo, akiacha moja kubwa. Umbo la namna hiyo, ambalo Ulaya huuzwa ghali kwa watu wa starehe, Kigoma ni chombo cha kazi, na fundi wa kulitengeneza anakaa kijiji hicho hicho.

Suala la fundi nalo si dogo. Nungwi, Unguja, kuna mafundi wanaounda jahazi bila mchoro, kwa jicho na kamba, wakizijua taruma zote kwa majina. Mafundi wa namna yao wapo kote mwambaoni, na mwaka hadi mwaka wanazeeka. Fundi kama huyo akifundishwa kazi ya faiba, ataweza kuunda mashua ya mita 7 yenye umbo analolijua na kuitengeneza ikivunjika. Vyuo vya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kikiwamo cha Mbegani, vipo kwa shughuli kama hizo. Boti ya mita 12 iliyotoka kwenye kalibu ya kiwanda, ikipasuka mahali palipo na jua, mvua na mchanga, humsubiri mtu kutoka mjini na vipuri kutoka ng'ambo. Marejesho ya mkopo hayamsubiri mtu huyo.

Tena deni halijui kusi. Bahari ya mwambao huu ina misimu, na kila mtoto wa pwani anajua kwamba kati ya Juni na Agosti ziko siku chombo hakitoki. Mkopo wa chombo kidogo unaweza kustahimili siku hizo. Mkopo wa chombo kikubwa humsukuma nahodha kutoka nje siku ambayo baba yake asingetoka, kwa kuwa tarehe ya benki imefika. Ofisa anayeona kwamba chombo kikubwa ndicho chenye usalama zaidi aiweke na hatari hiyo katika mizani yake.

Utaratibu unaofaa hauhitaji sheria mpya wala semina ya siku tatu hotelini. Kabla kikundi chochote hakijatia sahihi, vyombo vyote viwili vipelekwe kijijini kwao, visiletwe kwa picha. Vifike siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, ili kila mtu aone vinavyoketi. Wavuvi wenyewe watoke navyo usiku mmoja mmoja na nyavu zao, na mafuta yapimwe kabla na baada. Kikao cha kuamua kiwe cha wavuvi na Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi cha kijiji, na mabaharia wasio na chombo wawe na sauti sawa na wenye vyombo. Marejesho yapangwe kwa misimu, mengi kaskazi na machache kusi. Mwalimu wa shule ya kijiji aombwe kuwafanyia hesabu ya safari moja kwa samaki wa miezi mibaya, si wa miezi mizuri, na kuibandika ukutani kwa Kiswahili. Pale ambapo hesabu, gati na barafu vitasema mita 12, ichukuliwe mita 12 bila woga.

Na fomu ya mkopo iongezwe mistari michache: chombo kitalala wapi maji yakikupwa, barafu iko umbali gani, fundi ni nani na anakaa wapi. Chini yake liandikwe jina la ofisa aliyependekeza chombo hicho, pamoja na cheo na sahihi yake, katika karatasi ile ile anayotia kidole mvuvi.